Tulale kwa mama mdogo au tupange nyumba karibu na bahari?

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mombasa. Kwa miaka minne mimi na mume wangu tumeweka akiba kwenye sacco kwa ajili ya safari moja tu: wiki mbili Marseille, kusini mwa Ufaransa, Agosti hii watoto wakifunga shule. Tumebakisha miezi sita. Pesa zimetimia, au tuseme zimekaribia. Kilichobaki ni ugomvi.

Mamangu ana asili ya Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Mdogo wake aliolewa Marseille zaidi ya miaka 20 iliyopita na yuko huko na mumewe na watoto wawili ambao sasa ni wakubwa. Mama aliposikia tunakwenda, hakuuliza tutafikia wapi. Alishampigia simu mdogo wake, akaniambia, "Mtalala kwake. Ana vyumba vitatu." Nilipomweleza kwamba mume wangu ameona nyumba ya kupanga kwa siku karibu na ufuo, alinyamaza, kisha akasema, "Damu yenu iko pale, nyinyi mkalale kwa wageni kama watu wasio na kwao? Jamaa watasema nini?" Tangu siku hiyo simu zake ni fupi.

Mume wangu hajakataa kwenda kumwamkia mama mdogo. Anachokataa ni kulala. Anasema amefanya kazi bandarini miaka 15 bila likizo ya maana, na anataka kuamka, afungue dirisha, aione bahari, avae bukta bila kumwomba mtu radhi. Tena amesoma habari za kata za kaskazini za Marseille, kupigana risasi kwa sababu ya dawa za kulevya, na mama mdogo anakaa huko huko, kata ya 15. Ameapa watoto wake hawalali kule. Na anasema kule hata bahari hakuna, tutakuwa tumekwenda Ulaya kukaa ghorofani.

Hesabu ni hii. Akiba yetu ni shilingi 1,150,000. Tiketi za watu wanne tumeambiwa kama 560,000. Nyumba ya vyumba viwili iliyoandikwa "Prado, karibu na ufuo", usiku 14, ni euro 1,900, yaani kama 285,000. Viza, bima, chakula na nauli za huko vitoke kwenye kilichosalia. Tukilala kwa mama mdogo hiyo ya nyumba yote inabaki mfukoni, na hapo ndipo mama anaponishika. Binti yangu ana miaka 11, anatimiza 12 mwezi wa Juni. Mvulana ana miaka 7.

Nimewaza kumdanganya mama kwamba ubalozi umetulazimisha kulala hotelini. Nimewaza pia tukae kwa mama mdogo siku tatu halafu tuhame, ila naogopa kule kuhama ndiko kutakuwa tusi lenyewe. Tena mimi huvaa hijabu, sijui kama hata huko ufuoni nitaachwa niogelee. Nishauri.

Aliyebanwa Katikati, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kila mara nikahesabu wanaosema ndani yake. Mamako amesema, mumeo amesema, nawe umesema. Mwenye nyumba hayumo. Kila unachokijua kuhusu mama mdogo, vyumba vyake, ukaribisho wake, furaha yake ya kuwapokea, kimepitia kinywani mwa mamako. Huenda ni kweli yote. Lakini unabeba mzigo wa watu watatu kwa niaba ya mtu wa nne ambaye hujampigia simu.

Tuanze na hivyo vyumba vitatu. Wafaransa huhesabu nyumba pamoja na sebule. Nyumba wanayoiita T3 au F3 ni sebule moja na vyumba viwili vya kulala. Jiko na bafu havihesabiwi. Kwa hiyo mama mdogo akisema ana "vitatu" kwa hesabu ya huko, na mamako akasikia kwa hesabu ya Mombasa, tayari kuna chumba kimoja kilichopotea njiani. Ndani ya hivyo viwili yumo yeye na mumewe, na labda watoto wake kama bado hawajahama. Nyinyi wanne mtaangukia sebuleni, kwenye makochi na magodoro. Watu wa pwani tumelala hivyo siku za harusi na hatukufa. Ila usiku 14 si usiku wa harusi, na mwenye nyumba anayeamka alfajiri kwenda kazini atapita juu ya miguu yenu kila siku. Muulize tu: ni T ngapi, na nani analala wapi?

Swali la pili ni gumu zaidi, na nashangaa halijaulizwa. Je, Agosti atakuwepo? Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo Wangazija wengi wa Ufaransa hurudi kwao kwa ndoa kuu, ile ya anda, hata wenyeji huko Komoro wana jina lao la utani, wanawaita "je viens", yaani "nakuja". Kama mwaka huu kuna ndoa ya jamaa, mama mdogo anaweza kuwa Moroni, mji mkuu wa Komoro, siku mnayoshuka Marseille. Pengine kwa wema wake atasema, "Chukueni funguo." Hapo ndipo karatasi inapoanza kusumbua.

Mgeni anayeingia Ufaransa kwa viza ya muda mfupi na kufikia kwa mtu lazima awe na hati inayoitwa "attestation d'accueil". Mimi nitaiita hati ya mwenyeji. Hiyo haiandikwi mezani na kutiwa sahihi tu. Mama mdogo atakwenda mwenyewe ofisi ya meya na kitambulisho au kibali chake cha kuishi, mkataba wa nyumba au hati ya umiliki, bili ya karibuni ya umeme au maji, uthibitisho wa kipato, na stempu ya kodi ya euro 30 ambayo hairudishwi hata akikataliwa. Atataja majina yenu, namba za pasipoti na tarehe za kuingia na kutoka. Mke, mume na watoto wadogo mnaweza kuwekwa kwenye hati moja. Ofisi ina haki ya kuangalia kama nyumba inatosha watu, na ikiona haitoshi inakataa. Na juu ya yote, anatia sahihi kwamba mkiishiwa yeye atabeba gharama za kukaa kwenu. Ahadi hiyo ni ya kisheria. Hati ya asili hutumwa kwenu Mombasa, kwa sababu mtaionyesha kwenye maombi ya viza na tena kwa askari wa mpakani.

Nakueleza yote haya ili uone kitu ambacho mamako pengine hakioni: akisema "mtalala kwa mdogo wangu", anamtuma mdogo wake kwenye foleni ya serikali akiwa na karatasi zake za mshahara mkononi. Labda mama mdogo ameshaifanya kazi hiyo kwa jamaa kumi na haimsumbui. Labda anatafuta namna ya kusema hapana kwa dada yake mkubwa na hajaipata. Kama ni hivyo, nyumba yenu ya kupanga itakuwa imemwokoa.

Upande wa pesa, hati hiyo ina faida ambayo mumeo anapaswa kuijua. Ufaransa hutaka mgeni mwenye hati ya mwenyeji aonyeshe uwezo wa euro 32.50 kwa mtu kwa siku. Mwenye malazi ya kulipia huonyesha euro 65. Kwenu nyinyi wanne kwa siku 14, ni euro 1,820 dhidi ya euro 3,640. Kwa bei uliyotumia wewe ya kubadilisha pesa, hiyo ya pili ni kama shilingi 546,000, na lazima ionekane kwenye akaunti. Kwa hiyo tiketi na nyumba zisilipwe kabla ya viza kutoka. Mtakuwa mmeimaliza akaunti kabla haijakaguliwa. Chukueni nafasi ya ndege isiyolipiwa bado, na malazi yanayoweza kufutwa bila hasara. Tena nimeona akiba yenu iko kwenye sacco. Msisubiri wiki ya mwisho kuihamishia benki. Fungu kubwa linaloingia ghafla siku chache kabla ya maombi huamsha maswali, na afisa hutazama taarifa za benki za miezi mitatu ya nyuma. Hamisheni sasa, na taarifa ya sacco ya miaka minne iambatanishwe ili chanzo cha pesa kionekane.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka asiyetimiza 12, mbali na malipo ya kituo kinachopokea maombi. Binti yako ndiye wa kuangalia. Mkiwasilisha kabla ya siku yake ya kuzaliwa, analipa nusu na hachukuliwi alama za vidole. Baada ya hapo ni mtu mzima kwa hesabu ya ubalozi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hayapokelewi zikibaki chini ya siku 15. Kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, ila linaweza kufika 45. Miadi ya kipindi cha kiangazi hujaa mapema, hivyo Aprili au mwanzo wa Mei kwenu kunafaa kwa pande zote. Pasipoti iwe na umri usiozidi miaka 10, ibaki hai miezi mitatu baada ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifikie euro 30,000 za matibabu. Fomu za watoto mtie sahihi wazazi wote wawili.

Sasa nimgeukie mumeo, maana naye ana mambo aliyoyachukua kuwa kweli bila kuyapima.

Hiyo nyumba ya "Prado, karibu na ufuo" aiangalie upya kwenye ramani. Avenue du Prado ni ndefu zaidi ya kilomita 3. Inaanzia uwanja wa Castellane katikati ya jiji, inafika Rond-Point du Prado, inapinda, ndipo inateremka baharini. Mwenye nyumba aliye karibu na Castellane anaandika "Prado" bila kusema uongo, na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Aliye karibu na Rond-Point yuko ubavuni mwa uwanja wa mpira wa Vélodrome, na ligi ya Ufaransa huanza tena katikati ya Agosti. Usiku wa mechi mtaa mzima huwa uwanjani. Ulizeni mambo manne kwa maandishi: ni dakika ngapi kwa miguu mpaka majini, ni ghorofa ya ngapi na lifti ipo, kiyoyozi kipo au ni feni tu, na je tangazo lina namba ya usajili ya jiji. Nyumba za zamani za Marseille nyingi hazina lifti, na chumba cha chini ya paa mwezi wa Agosti ni tanuri. Anayekutaka ulipe nje ya mfumo wa tovuti ili "akupunguzie", achana naye.

Na kaskazini hakuna bahari? Kata ya 15 inagusa bandari, ndiyo maana huoni ufuo. Ukisogea kidogo tu mpaka kata ya 16 kuna L'Estaque, kijiji cha zamani cha wavuvi, na mbele yake fuo za Corbière. Kilima kinazikinga na upepo, kwa hiyo siku ambazo Prado upepo unachapa, Corbière watoto wanaogelea. Pale L'Estaque kuna vibanda vya panisse, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa. Mtoto aliyekulia kwenye bajia za Mombasa hatahitaji kufundishwa. Na soko la Les Puces, huko huko kata ya 15, lina mboga na matunda kwa bei ambayo watu wa Prado hawaijui.

Hofu yake ya usalama siidharau. Biashara ya dawa za kulevya ipo, na risasi zimeua watu, wengine vijana wasiohusika. Lakini kata ya 15 ni kubwa, na hatari hukaa kwenye majengo na milango fulani, pale wauzaji walipoweka maskani. Wenyeji wanajua mlango kwa mlango. Swali la kumuuliza mama mdogo, tena aulize mumeo mwenyewe kwa sauti yake, ni hili: je, kwenye lango la jengo lenu kuna vijana wanaokaa? Watoto wenu wanarudije usiku? Metro ya Marseille ina njia mbili tu. Ya pili inaishia Gèze, na kutoka hapo ni basi. Kama safari ya kurudi saa 4 usiku ni metro, kisha basi, kisha kupita mbele ya vijana wanaomuuliza kila mgeni anakwenda kwa nani, basi kila jioni yenu itakatika mapema, hata kama hakuna atakayewagusa. Hilo ni la kupimwa kwa utulivu. Habari za gazeti peke yake haziwezi kulijibu, wala mamako aliyeko Mombasa hawezi.

Kuhusu hijabu yako: ufuoni hakuna sheria ya jumla inayokukataza. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ile ilijaribu kupiga marufuku mavazi marefu ya kuogelea, na tarehe 26 Agosti mwaka huo mahakama kuu ya mambo ya utawala ya Ufaransa ilisimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet. Marseille utawaona akina mama wengi majini wamejifunika, hasa Prado na Corbière. Kwenye mabwawa ya kuogelea ya umma mambo ni tofauti, huko hutaka vazi la kubana na fupi, usiende kugombana. Na nikabu ya kufunika uso hairuhusiwi mahali popote pa umma tangu 2011, kama unayo iache nyumbani. Nyama halali si tatizo hata kidogo katika jiji hilo. Kinachowachosha watu ni saa: mwanzoni mwa Agosti jua huzama karibu saa 3 usiku, kwa hiyo isha ni usiku mkubwa, na watoto watakataa kulala kwa sababu nje bado kweupe.

Bahari yenyewe ni ya kuwaandalia watoto, kwa kuwa wao wanajua bahari moja tu. Kule maji hayapwi wala kujaa kwa kiasi cha kuonekana, hivyo hakuna kungoja saa ya maji. Agosti huwa ya nyuzi 22 mpaka 24. Halafu hupiga mistral, upepo wa kaskazini-magharibi. Usiufananishe na kusi ya kwenu, inayokwenda miezi kwa mwendo wake. Huu hushuka kwa siku mbili tatu kwa nguvu, mbingu zikiwa safi kabisa, ukayasukuma maji ya juu yaliyopata joto kwenda mbali na pwani, na maji baridi ya chini yakapanda kuchukua nafasi. Kwa siku moja au mbili bahari hiyo hiyo yaweza kushuka mpaka nyuzi 16 au 17. Jua linawaka, mtoto anakimbilia majini, anarudi analia. Siku hizo boti za kwenda visiwa vya Frioul na kwenye ngome ya If huweza kusimama, na boti ya abiria kati ya Vieux-Port, bandari ya zamani katikati ya jiji, na Pointe Rouge pia. Wekeni siku tatu za akiba za mambo ya nchi kavu: jumba la makumbusho la MuCEM lililofunguliwa 2013, ambalo paa lake na bustani za ngome ya Saint-Jean huingii kwa pesa, makumbusho ya jiji, ambayo makusanyo yao ya kudumu ni bure, na soko la Noailles, ambako utakuta muhogo na nazi ukajiona umerudi Kongowea.

Kwa mvulana wa miaka 7, ufuo wa Prophète unafaa kuliko wote, una mchanga na maji mafupi, na basi namba 83 kutoka Vieux-Port linapita juu yake. Les Catalans ni karibu zaidi na katikati lakini hubanana. Fuo za Prado zina nafasi na nyasi, ila chini ni kokoto, kwa sababu zilijengwa miaka ya 1970 kwa kifusi kilichochimbwa kutengeneza metro. Nunueni viatu vya majini. Baada ya mvua ya radi msishangae kuona kuogelea kumepigwa marufuku siku nzima: mto Huveaune huwa umemwaga uchafu wa jiji pale. Bendera ya zambarau maana yake ni maji machafu.

Na zile ghuba za miamba, Calanques, ambazo bila shaka ndizo mumeo aliziona kwenye picha. Kuanzia 1 Juni hadi 30 Septemba njia za kwenda huko hufunguliwa au kufungwa siku kwa siku kulingana na hatari ya moto. Tangazo hutoka saa 12 jioni ya siku iliyotangulia. Rangi nyekundu ni marufuku kuingia. Si mzaha. Tarehe 8 Julai 2025 moto ulioanzia Les Pennes-Mirabeau uliingia mpaka kata ya 16 ya jiji ukisukumwa na mistral, na uwanja wa ndege ukafungwa kwa saa kadhaa. Ghuba ya Sugiton, iliyo maarufu, tangu 2022 huingii kiangazi bila kujiandikisha mapema, ni bure, watu 400 kwa siku, na nafasi hufunguliwa siku tatu kabla. Basi la B1 linawafikisha Luminy, inapoanzia njia, kisha ni karibu saa nzima ya kuteremka kwa miguu, na kurudi ni kupanda juani. Lita 2 za maji kwa kila mtu. Hakuna kibanda chini.

Turudi kwenye uongo uliouwaza. Una chembe ya ukweli, kwani bila hati ya mwenyeji lazima uonyeshe malazi ya kulipia, na ndiyo maana unavutia. Hatari yake ni kwamba mama mdogo anaijua hati hiyo kuliko wewe. Mamako atampigia, naye atajibu, "Mbona mimi naweza kuwafanyia?" Itakuwa simu moja tu. Baada ya hapo utakuwa na kosa la malazi na kosa la uongo, na la pili ndilo litakalokumbukwa.

Kuhusu kulala siku tatu kisha kuhama, sidhani kama tusi liko kwenye kuhama. Liko kwenye kuhama ghafla. Mkitangaza tangu sasa kwamba usiku fulani mpaka fulani ni wa mama mdogo na zilizobaki ni za ufuoni, kila mtu anapanga magodoro yake. Mpangilio nao una uzito. Mkianzia kwake, mnafika mmechoka na safari mkapokewa na watu wenu, mnafundishwa mabasi, mnapewa heshima yenu. Hatari ni kwamba siku ya tatu atasema "kaeni tu", na mumeo atakuangalia wewe. Mkimalizia kwake, mumeo ameshashiba bahari yake na ana moyo mkunjufu, ila mama mdogo atakuwa amesikia wiki nzima kwamba mko mjini na hamjalala kwake. Kwa viza, hati ya mwenyeji itaje usiku wake na malazi ya kulipia yataje usiku uliobaki, bila pengo hata la usiku mmoja katikati.

Iko pia njia ambayo hukuitaja: kupanga nyumba L'Estaque, karibu na mama mdogo badala ya Prado. Mumeo anapata bahari, watoto wanapata binamu, wewe unakwenda kupika naye mchana na kurudi kulala kwenu. Hasara yake ni kwamba mko mbali na katikati ya jiji, mabasi ya jioni ni machache, na mkikaa karibu hivyo, kuna watakaouliza kwa nini hamkuingia ndani kabisa.

Na mkilala kwake, kwa siku yoyote ile, msimpe pesa mkaiita kodi. Kama nyumba ni ya ruzuku ya serikali, na kaskazini nyingi ni hivyo, mpangaji anaruhusiwa kukaribisha watu wake bure lakini haruhusiwi kulipwa kwa chumba. Jazeni friji yake kila baada ya siku mbili, mlipieni ile stempu ya euro 30 bila yeye kuomba, na mpeleke vitu ambavyo hakuna pesa inayovipata kule. Huyo atajua kukutajia mwenyewe ukimuuliza.

Lile la mamako na mumeo silimalizi mimi, mwanangu, na sidhani litamalizwa kabla ya hiyo simu. Mpigie mama mdogo wewe, bila mamako kwenye laini, mkiwa mmekaa na mumeo. Mpaka mwisho wa Machi Marseille iko nyuma yenu kwa saa mbili, kisha inakuwa saa moja, hivyo saa 3 usiku ya Mombasa sasa hivi kwake ni saa 1 jioni, ametoka kazini na hajalala. Muulize kwanza kama Agosti yupo au anakwenda Ngazija. Kisha muulize yeye anapenda iweje, halafu nyamaza mpaka amalize kujibu.